Si Akili, Ni Kichwa

Watu wa Nshambya wanamfahamu Penina. Ni yule mwanamke mrefu aliyekuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika, binti wa marehemu mzee Mwijage, ambaye nyumba yake imemezwa na kibanja cha migomba na mibuni. Yaliyompata amewasimulia watu wachache tu, na kila mara kwa namna ile ile, bila kuongeza chumvi.

Siku aliyopelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na ziwa lilikuwa jeupe kama bati. Mdogo wake, Nathanieli, alimbebea mkoba wakapanda basi la Muleba, na njiani akamnunulia karanga. Penina alikuwa ametulia. Miezi iliyotangulia hakuwa hivyo. Mama yao alipofariki, ugonjwa wa zamani wa Penina ulirudi. Hakulala, alibishana na watu wasioonekana, na siku moja moto ukashika pazia la jikoni yeye akiutazama tu, huku mtoto mchanga wa Nathanieli amelala chumba cha pili. Lilian, mke wa Nathanieli, hakusema neno baya. Alimbeba mtoto akaenda kukaa kwao. Basi Nathanieli akatafuta mahali pa kumpeleka dada yake.

Mahali penyewe paliitwa Nyumba ya Pumziko. Palikuwa juu mlimani, pale migomba inapokwisha na kuanza rweya, ile mbuga ya majani matupu ambako huishi upepo tu. Jengo lilikuwa refu, la zamani, lililowahi kuwa ghala la kahawa. Mwenyewe, Bwana Karugendo, aliwapokea sebuleni penye viti vilivyotandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Ukutani kulikuwa na picha za wagonjwa wakicheka. Matroni Violeth alileta chai. Nathanieli aliuliza habari za dawa, za chakula, za daktari, na kila swali likapata jibu zuri.

"Hapa dada yako anakuja kupumzika, waitu, ndugu yangu," Karugendo alimwambia. "Hafungwi."

Nathanieli akaaga, macho yake yakimkwepa Penina. Matroni akamshika Penina mkono, akampitisha mlango wa ndani. Hapo ndipo Penina alipoona kwamba komeo la mlango ule lilikuwa upande wa sebuleni.

Nyuma ya mlango hakukuwa na picha wala vitambaa. Kulikuwa na ukumbi mrefu wenye harufu ya mkojo na dawa ya kudekia, na vyumba vidogo kila upande. Wakazi walikaa kwenye mabenchi wakitazama sakafu. Asubuhi walipewa uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Mchana walipewa chakula, kisha vidonge, vilevile kwa kila mtu, mwenye ugonjwa huu na mwenye ugonjwa ule. Baada ya vidonge, nyumba nzima ililala hadi jioni. Hilo ndilo lililoitwa pumziko.

Hakuna aliyepigwa. Penina husisitiza jambo hilo. Hakuna aliyetukanwa pia. Ila hakuna aliyesikilizwa. Ukisema uji umechacha, ni ugonjwa unaosema. Ukisema jino linauma, ni ugonjwa unaosema. Ukilia kwa kuwakumbuka watu wa nyumbani, ni ugonjwa unaolia. Baada ya muda watu waliacha kusema, hata wao kwa wao. Mzee Muharami, aliyekuwa mvuvi Bukoba, alikaa ncha ya benchi bila kufungua mdomo kutwa nzima. Renatha, msichana aliyepewa kazi ya kufuta vumbi kwa sababu mikono yake haikutetemeka sana, alikuwa akipita karibu na Penina kila siku bila kuinua macho.

Nathanieli aliahidi kwenda kumwona. Hakwenda. Nywele za Penina, ambazo mama yake alikuwa akimsuka kila Jumamosi, zilijisokota zikawa kama manyoya ya kondoo. Hakuna aliyezigusa.

Sauti aliisikia mchana.

Mwili wake ulikuwa umeanza kuvizoea vidonge, kwa hiyo wenzake walipolala yeye alibaki amejinyoosha kitandani akisikiliza upepo wa rweya ukisugua bati. Ikatoka ukutani, upande wa kichwani. Ilikuwa ya mwanamke, ya chini, kavu kidogo, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila maji.

"Dada wa upande huo. Uko macho?"

Penina hakujibu. Alizijua sauti. Alikuwa ameishi nazo tangu ujana. Zake zilikuwa za wanaume, zilijua jina lake na aibu zake zote, na hazikuwahi kumuuliza swali. Hii iliuliza. Tena haikujua jina lake.

Kesho yake ikauliza tena, na keshokutwa. Hatimaye Penina alisogeza mdomo karibu na ukuta, akanong'ona kwamba yuko macho.  Kisha akasikia mtu akishusha pumzi, ile pumzi ndefu ya kutua mzigo.

Tangu hapo wakawa wanaongea kila mchana. Mwanamke yule alisema anaitwa Shadya, binti wa Uledi, wa Bukoba mjini. Alimweleza habari za dada yake, Mastura, anayeuza vitambaa sokoni na anayepima nguo kwa mkono badala ya futi, na wateja hawalalamiki. Penina naye alimweleza habari za mama yake, za kwaya, za pazia lililoungua. Shadya hakumhukumu. Katika nyumba ile nzima ndiye mtu pekee aliyemuuliza Penina alikuwa nani kabla ya kuugua.

Ila kila mazungumzo yalikwisha kwa namna moja.

"Kichwa kinaniuma," Shadya alikuwa akisema. "Waambie, dada. Si akili, ni kichwa."

Penina akaanza kujiuliza. Hakuwahi kumwona mtu wa chumba kile akienda kunawa. Hakuwahi kuona sahani ikiingizwa. Siku moja akamuuliza kama wanampa chakula. Shadya akasema, kama anayejaribu kukumbuka, kwamba ni siku nyingi hajasikia njaa.

"Na hakuna anayekuja kukuona?"

"Alikuja mmoja," Shadya alinong'ona. "Akanifunika uso, akaondoka."

Jioni ile Penina alimfuata Matroni Violeth. Alimwambia kwa adabu kwamba jirani yake wa chumba cha mwisho anaumwa kichwa na anahitaji daktari. Violeth alikuwa akikunja mashuka. Mikono yake ilisimama. Alijibu bila kugeuka kwamba kile si chumba cha mtu, ni stoo ya magodoro mabovu. Kisha akauliza, polepole, kama Penina ameanza kusikia sauti tena.

Alichomwa sindano usiku huohuo. Siku zilizofuata ulimi wake ulikuwa mzito kama kipande cha nyama isiyo yake, mate yakamtoka, miguu ikawa haitulii. Akajifunza walichojifunza wenzake. Hakumtaja Shadya tena. Lakini kila mchana alilala na kiganja chake ukutani, na mara nyingine ukuta ulikuwa na uvuguvugu pale kiganja kilipogusa, kana kwamba upande wa pili palikuwa na kiganja kingine.

Kisha mvua za masika zikaja, na Penina akaugua.

Ilianza kwa baridi mifupani. Uji ukamshinda. Kichwa kikawa kinagonga kama mchi kwenye kinu. Alivumilia mpaka akashindwa kusimama, akamwita Matroni, akashika aproni yake.

"Matroni," alisema. "Si akili. Ni kichwa."

Violeth alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alimtazama Penina kwa muda mrefu.  Penina anasema mpaka leo anaamini mwanamke yule alitaka kumsaidia, na kwamba hofu ndiyo iliyomzuia. Violeth alikwenda kupiga simu kwa Karugendo. Aliporudi alikuwa na amri. Mgonjwa aliyechafuka atengwe, asiwasumbue wenzake.

Akampeleka chumba cha mwisho.

Hakikuwa na magodoro mabovu. Kulikuwa na kitanda kimoja cha chuma. Dirisha lilikuwa limepigiwa mbao, na mwanga wa mchana ukipenya kwa mistari myembamba. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Ukuta mmoja ulipakwa chokaa upya. Hapakuwa na mtu.

Komeo likafungwa kwa nje.

Penina alijikokota hadi ukuta wa chumba chake cha zamani, akabisha. Hakuna aliyejibu. Akaita jina la Shadya.  Mvua iliongezeka juu ya bati. Akaanguka kitandani, uso akiuelekeza ukutani, mwili ukimwaka na meno yakigongana. Hakujua amelala kiasi gani. Mistari ya mwanga ilikuja ikaondoka, ikaja tena. Hakuna aliyeleta maji.

Kitanda kikabonyea.

Nyuma yake. Taratibu. Kama mtu anavyokaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa.

Alisikia harufu ya mafuta ya nazi. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine. Udongo mbichi.

Vidole vikaingia katika nywele zake.

Vilikuwa baridi. Havikuwa na haraka. Vilishika fundo moja, vikalichambua, vikaliachilia. Vikashika jingine. Penina alitaka kupiga kelele.  Alitaka kugeuka.

"Usigeuke," sauti ilisema. Haikutoka ukutani sasa. Ilikuwa sikioni. "Nikimaliza utakuwa umepata nafuu."

Hakugeuka.

Vidole vilipasua njia utosini. Vikaanza kusuka. Kila msuko ulipokwisha, baridi ilishuka kutoka kichwani hadi shingoni, na homa ikapungua kidogo. Penina alilia. Ilikuwa hofu, lakini haikuwa hofu peke yake. Tangu mama yake alipofariki, hakuna mtu aliyekuwa amemgusa kichwa.

Yaliyotokea sebuleni siku ile Penina alikuja kuhadithiwa na Renatha. Mwanamke mmoja alikuwa amefika kwa bodaboda, amejitanda mtandio, nguo zikidondosha maji. Haikuwa mara yake ya kwanza. Mara zote alikuwa ameambiwa kwamba mdogo wake alitoroka, na alikuwa amemtafuta kila kituo cha basi na kila mwalo wa mitumbwi mpaka miguu ikamvimba. Safari hii hakuja kumuulizia tena. Aliomba apewe nguo za mdogo wake, basi. Karugendo hakuwepo. Violeth akaenda kuzitafuta, na kwa mara ya kwanza akasahau kufunga komeo la mlango wa ndani.

Renatha alikuwa akifuta viti. Alimtazama mgeni akipima ukingo wa mtandio kwa mkono, kidole hadi kiwiko, kama mtu afanyavyo akiwa na mawazo. 

"Wewe ndiye Mastura?" alinong'ona.

Mgeni akamuuliza nani amemwambia jina lake.

"Shadya. Anakutaja kila mchana."

Alipokwisha kusema hivyo Renatha aliziba mdomo wake kwa kitambaa cha vumbi, kwa sababu alijua kinachompata mtu anayesikia sauti. Lakini kutoka mlangoni mzee Muharami, ambaye hakuna aliyejua sauti yake ikoje, alisema kwa Kiswahili safi:

"Kumbe na wewe unamsikia."

Nyuma yake alisimama mwingine, na mwingine. Walikuwa wamejikusanya mlangoni, miguu mitupu, midomo mikavu. Kila mmoja alikuwa akimsikia. Mmoja kwenye bomba la bafuni, mwingine chini ya kitanda, mzee Muharami kwenye mto wake. Wote walikuwa wameambiwa maneno yaleyale juu ya kichwa. Na kila mmoja, mwaka mzima karibu, alikuwa amedhani ni wazimu wake peke yake, akanyamaza.

Violeth alirudi na mfuko wa nguo, akawakuta wamesimama mbele ya chumba cha mwisho, Mastura akiwa mbele. Hawakupiga kelele. Walimtazama tu. Mastura akasema anataka kumwona mdogo wake.

"Humo yumo Penina," Violeth alisema. Mfuko ukamponyoka. "Shadya hayumo. Shadya yuko kibanjani, nyuma ya jiko."

Kisha akaketi sakafuni. Mastura mwenyewe ndiye aliyevuta komeo.

Walimkuta Penina amelala ubavu, macho wazi, midomo imepasuka, lakini anapumua. Dereva wa bodaboda aliyemleta Mastura alimpakia Penina katikati, Mastura akamshikilia kwa nyuma, wakateremka mlima kwenye matope hadi hospitali ya Rubya. Huko walimpima wakakuta malaria kali, iliyokuwa imeshaanza kupanda kichwani. Daktari alisema ni ajabu amefika akijua jina lake. Kwa homa ile na kwa kukaa bila maji, hakutegemewa kuwa hai.

Muuguzi aliyemwosha ndiye aliyeuliza nani amemsuka vizuri hivyo.

Mastura, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, akainua mtandio uliomfunika Penina. Nywele zilikuwa zimesukwa misuko myembamba, imelala sawasawa, inazunguka kutoka sikio hadi sikio na kukutana kisogoni. Mastura aliigusa mmoja mmoja.  Alisema ule ni msuko wa mama yao, na kwamba yeye hakuwahi kuujua, alikuwa hana uvumilivu. Aliyejifunza alikuwa mdogo wake peke yake.

Polisi walikwenda mlimani. Nyuma ya jiko, chini ya migomba iliyonenepa kuliko mingine, walimkuta Shadya. Violeth alieleza yote. Alisema msichana alilalamika homa na kichwa, na amri ilikuwa kwamba malalamiko ni ugonjwa, aongezewe dawa. Alikufa mchana, nyumba nzima ikiwa imelala. Karugendo alisema familia iambiwe katoroka, kwa sababu wagonjwa wa namna ile hutoroka kila siku na hakuna anayeshangaa. Karugendo naye alikamatwa. Nyumba ikafungwa. Wakazi wengine walichukuliwa na ndugu zao, na wengine hawakuwa na wa kuwachukua, wakahamishiwa kwingine. Mzee Muharami alikuwa mmojawapo.

Shadya alizikwa upya Bukoba, kwa taratibu za dini yake. Penina alikuwa bado wodini.

Nathanieli alikuja kumchukua. Alisimama mlangoni mwa wodi akishindwa kuingia, mpaka Penina akamwambia aketi. Alilia sana. Penina hakulia. Alimwambia anataka kwenda nyumbani, anataka kliniki ya kila mwezi na dawa zake mwenyewe, na anataka akisema anaumwa aulizwe wapi. Nathanieli akakubali yote. Lilian pia alirudi na mtoto, ingawa kwa muda mrefu alikuwa akimtazama Penina kwa pembe ya jicho.

Ile misuko Penina alikaa nayo mpaka ikafifia na kichwa kikaanza kumwasha. Siku aliyoamua kuifumua alimwita Mastura. Waliketi barazani asubuhi, jua likiwaka juu ya kibanja, Mastura akifumua kwa ncha ya kitana.

Msuko wa kwanza ulipofunguka, Mastura akaacha kufumua.

Ndani yake, ukiwa umesokotwa pamoja na nywele fupi ngumu za Penina, kulikuwa na unywele mmoja mrefu, mweusi, laini. Katika msuko wa pili mlikuwa na mwingine. Kila msuko ulikuwa na wake. Mastura alizikusanya mmoja mmoja juu ya kitambaa cheupe. Alizijua ni za nani. Alizikunja, akaenda kuzifukia kaburini siku ileile, na wote wawili wakadhani yamekwisha.

Penina ni mzima sasa. Ameanza tena kwaya. Hasikii sauti yoyote, si ya Shadya, wala zile za wanaume za zamani, na anakiri kwamba siku nyingine mchana nyumba inapokuwa tupu hulaza kiganja ukutani, akasubiri, na ukuta huwa baridi. Lakini kila anapochana nywele, kitana hutoka na unywele mmoja mrefu usio wake. Huuzungusha kidoleni, akamwekea Mastura.

Shadya alifariki akiwa msichana mbichi. Mwaka huu, nywele zinazotoka zimeanza kuwa na mvi.